Yanga ilishinda kesi, Fei Toto akaondoka: Somo kwa mabosi wa soka Nsemulwa

KWENYE soka la Tanzania kuna kesi moja ambayo klabu ilishinda mezani, na mwisho wa siku ikabaki bila mchezaji. Ni ya Feisal Salum 'Fei Toto' na Yanga. Miaka imepita, Fei anacheza kwingine, Yanga imeendelea kubeba makombe, lakini mabosi wengi wa timu, kuanzia za Ligi Kuu hadi za mtaani, bado hawajachukua somo lake.

Somo lenyewe ni hili. Mkataba unaweza kumzuia mchezaji asivae jezi ya timu nyingine. Hauwezi kumfanya aamke asubuhi akiwa na hamu ya kuvaa ya kwako. Hiyo ni kazi ya kiongozi.

Jambo hilo linaihusu Kata ya Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, kuliko hata linavyoihusu Jangwani. Timu za mtaani hazina mikataba ya maana, hazina mishahara na hazina wanasheria. Mchezaji akiamua kusepa, anasepa. Kitu pekee kilichobaki mkononi mwa kiongozi ni namna anavyoishi na watu wake, na hapo ndipo timu nyingi zinapovuja.

SAKATA LA SH112 MILIONI

Fei alitua Yanga mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar. Alikuja dogo asiye na jina kubwa, akakua hadi kuwa kiungo tegemeo wa Wananchi na wa Taifa Stars. Mkataba wake ulikuwa unamalizika Mei 2024.

Desemba 2022 akawaaga mashabiki mtandaoni. Akaingiza Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu, akisema anavunja mkataba. Hesabu yake ilikuwa Sh100 milioni za kuvunja mkataba na Sh12 milioni za mshahara wa miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe: Sh4 milioni kwa mwezi.

Yanga ikazirudisha fedha zile, ishu ikatua TFF. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ikaamua Fei bado ni mchezaji halali wa Yanga. Akaomba mapitio, akagonga mwamba.

Kisheria Yanga ilikuwa sahihi, hakuna ubishi. Mtu aliyesaini hawezi kuamka siku moja akaweka pesa benki na kuondoka zake. Lakini tazama kilichofuata. Uamuzi ulitoka, mchezaji hakurudi kambini. Miezi ikakatika, ligi ikaenda, Fei akiwa nje ya uwanja.

Juni 5, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliikaribisha Yanga Ikulu baada ya timu hiyo kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hapo akawaomba viongozi walimalize suala la Fei. Siku chache baadaye kijana akatambulishwa Azam FC.

Kwa hiyo klabu ilikuwa na karatasi, ikawa na uamuzi wa kamati, na bado mtu akaondoka. Msimu uliofuata, 2023/24, Fei alifunga mabao 19 ya Ligi Kuu akiwa na Wanalambalamba. Aliyemzidi ni mmoja tu, Stephane Aziz Ki wa Yanga, aliyemaliza na 21.

TATIZO HALIKUANZA DESEMBA

Ukimsikiliza shabiki wa kawaida, sakata lile lilianza siku Fei alipoaga. Hapana. Mfanyakazi akileta barua ya kuacha kazi, ujue alishaacha zamani. Barua ni taarifa tu.

Uongozi wa Yanga ulisema hadharani kuwa uko tayari kukaa naye mezani na kuzungumzia masilahi yake. Ni jambo zuri, ila mlango ulifunguliwa wakati mwenye shida ameshatoka nje. Mazungumzo yale yale, yakifanyika mapema kabla mchezaji hajanuna, yanaitwa kumthamini. Yakifanyika baada ya kuaga, yanaitwa kumbembeleza.

Hapa kuna kanuni rahisi. Mchezaji aliyesaini akiwa chipukizi, kisha akawa tegemeo, masilahi yake yanatakiwa yakue pamoja naye. Usipoyakuza wewe, kuna mwingine atayakuza. Na usidhani mishahara ni siri. Siri ipo kwenye karatasi tu. Ndani ya basi la timu kila mtu anajua mwenzake anakunja ngapi, na maumivu ya mchezaji mara nyingi hayatokani na udogo wa pesa. Yanatokana na kujilinganisha na jirani yake wa kwenye kiti.

'HAKUNA MKUBWA KULIKO KLABU'

Wapo watakaosema Yanga haikupoteza kitu. Nao wana hoja. Bila Fei, Wananchi walibeba ubingwa wa msimu wa 2022/23 chini ya Nasreddine Nabi na wakafika fainali ya Shirikisho, ambako USM Alger iliwashinda kwa faida ya bao la ugenini tu. Dirisha dogo la Januari 2023 walimshusha Mudathir Yahya, kiungo kikaendelea kupumua.

Sawa. Lakini hiyo ni Yanga. Ina pesa ya kushusha mtu mwingine wiki ile ile. Kauli ya "hakuna mkubwa kuliko klabu" ni tamu kwa mwenye benchi pana. Kiongozi wa timu ya mtaani Nsemulwa akiiiga, kipa wake mmoja akiondoka Jumamosi, Jumapili beki wa kulia anavaa glovu.

Wenye timu ndogo ndio wanaotakiwa kuwa hodari zaidi wa kuishi na watu, kwa sababu hawana pesa ya kufuta makosa yao.

WANANE DHIDI YA AZAM

Anayetaka kuona deni la mfanyakazi linavyoweza kuivua timu nguo, airudie Agosti 2023. Kitayosce ilikuwa imepanda Ligi Kuu, ikiwa na makazi mapya Tabora, jirani kabisa na Katavi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Azam, pale Azam Complex.

Ikaingia uwanjani na wachezaji wanane. Klabu ilikuwa imefungiwa na FIFA kusajili kutokana na madai ya aliyekuwa kocha wake, na wachezaji wengi wapya hawakuwa na ruhusa ya kucheza. Hata kipindi cha kwanza hakikuisha. Wachezaji walipopungua chini ya saba, mwamuzi akamaliza mchezo Azam ikiongoza 4-0. Mabao matatu kati ya hayo alifunga nani? Fei Toto.

Mashabiki walicheka sana siku ile. Lakini ukiondoa kicheko, unabaki na hesabu moja: kocha mmoja ambaye hakulipwa chake aliiondoa timu nzima uwanjani.

Timu ile ile, ilipojipanga na kuitwa Tabora United, Novemba 2024 iliifuata Yanga kwenye uwanja huo huo na kuipiga 3-1. Wiki hiyo hiyo kibarua cha kocha Miguel Gamondi kikaanza kuota nyasi, na hakikumaliza mwezi. Nyuki wa Tabora, ambao sasa wanaitwa TRA United, walionyesha kuwa timu ya mkoani inaweza. Kwanza tu itulie na watu wake.

FIFA yenyewe ilishaliona hili. Tangu mwaka 2018 kanuni zake zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaiandikia klabu na kuipa siku 15 ilipe. Zikipita, ana haki ya kuvunja mkataba na kuondoka. Maana yake klabu isiyolipa kwa wakati haina mchezaji. Ina mgeni ambaye bado hajafunga begi.

BODA YA MKATABA

Rudi Nsemulwa. Wachezaji wengi wa timu za mtaani mjini Mpanda wana kazi nyingine. Kuna wa bodaboda, wa gereji, wa saidia fundi, wa mashine za kukoboa, wanaokwenda machimboni kusaka dhahabu na wanaorudi shamba mvua zikianza. Mpira ni wa jioni.

Sasa vijana hao wanajua kitu kuhusu uongozi ambacho mabosi wengi wa soka hawakijui. Kinaitwa boda ya mkataba.

Kuna dereva deiwaka, anayepewa pikipiki ya mtu aizungushe, jioni apeleke hesabu. Huyu kesho anaweza asije, na pikipiki ikigonga shimo si tatizo lake. Halafu kuna wa mkataba. Naye anapeleka hesabu, tena wakati mwingine kubwa kuliko ya mwenzake. Lakini amekubaliana na mwenye chombo kwamba baada ya miezi kadhaa pikipiki ni yake. Huyu anaiosha, anabadilisha oili kwa wakati, na kwenye mvua anapita taratibu.

Kazi ni moja, barabara ni moja, pesa ya siku karibu sawa. Tofauti ni kwamba wa pili anauona mwisho wa safari yake.

Timu nyingi za mtaani zina wachezaji deiwaka kwa sababu viongozi wamewafanya kuwa deiwaka. Wanaitwa siku ya mechi, wanapigwa picha, wanapewa soda, wanasahaulika. Hakuna anayewaambia timu inakwenda wapi: mwaka huu tunataka ligi ya wilaya, mwakani ya mkoa, na ukifanya vizuri tutakutafutia majaribio mahali fulani. Mpango huo haugharimu hata shilingi, unahitaji tu mtu wa kuusema na kuusimamia.

Shida ni pale kiongozi anapoahidi pikipiki ambayo haipo. "Nitakupeleka Simba" ni ahadi iliyoua timu nyingi kuliko ukata. Mwenye timu akiahidi nauli ya kwenda mazoezini na akaitoa kila wiki, anaaminika kuliko aliyeahidi majaribio Dar es Salaam akazima simu.

MKWANJA UNAFANYA KAZI YAKE

Isieleweke kwamba pesa haina maana. Februari 2023 Rais Samia alitangaza Sh5 milioni kwa kila bao ambalo Simba na Yanga wangefunga kwenye michuano ya Afrika. 'Goli la Mama' likawa gumzo, na kadiri hatua zilivyosonga dau likapandishwa. Mzuka ulionekana.

Lakini bonasi ile ilikuja juu ya mishahara, kambi na matibabu. Ilikuwa kachumbari, pilau lilishakuwepo. Kwenye timu za mtaani mambo hugeuzwa: mdhamini anaahidi zawadi nono mkishinda fainali, wakati wiki nzima vijana wamefanya mazoezi bila maji ya kunywa. Wakishinda, pesa inaisha siku ile ile na kinyongo kinabaki. Wakifungwa, hakuna kitu kabisa.

Na hapa pana jipu kubwa la ndondo: zawadi. Timu inabeba mbuzi na bahasha, kisha hakuna anayejua bahasha iliishia wapi. Kiongozi anayejua kazi yake anatangaza mgawo kabla ya mashindano kuanza. Wachezaji kiasi gani, kocha kiasi gani, mfuko wa timu kiasi gani. Anasoma hesabu mbele ya wote, hata kama ni elfu kumi. Wachezaji wanavumilia umaskini wa timu yao. Wasichovumilia ni kuhisi wanaliwa.

GOTI LA MCHEZAJI

Kipimo kikali zaidi cha kiongozi ni siku mchezaji anapoumia.

Dereva wa boda akiumia goti kwenye mechi ya Jumapili, Jumatatu hana hesabu ya kupeleka. Fundi akivunjika mkono, familia nzima inasikia. Kwa klabu kubwa kuna daktari na mshahara unaendelea. Kwa timu ya mtaani kuna kiongozi na simu yake tu.

Akipiga simu jioni ile, akapitisha mchango, akamtembelea nyumbani siku ya tatu, wachezaji wote wanaona. Akiuchuna, pia wote wanaona. Jumanne mazoezini watakuja saba, na kocha atalalamika kuwa vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Nidhamu wanayo, ila wameshajiuliza: nikiumia mimi, nani atakuja?

Timu za taasisi zinaishinda Ligi Kuu nzima kwenye hili. Tanzania Prisons na JKT Tanzania hazijulikani kwa kumwaga mamilioni ya usajili, lakini baadhi ya wachezaji wao ni askari. Mshahara hautegemei matokeo ya Jumamosi, na soka likiisha kazi ipo. Mtu mwenye kesho yake hana haraka ya kukimbia.

NENO LA FERGUSON

Sir Alex Ferguson alikaa Manchester United tangu 1986 hadi 2013 na kuondoka na makombe 38. Dunia inakumbuka ukali wake, viatu vilivyoruka na makelele ya chumbani. Yeye mwenyewe, alipoeleza namna alivyoongoza, alisema kwa mchezaji hakuna maneno yenye nguvu kama kuambiwa umefanya vizuri. Na alikuwa mtu wa kuwajua kwa majina hadi wafanyakazi wa jikoni na wa kufua jezi.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na mahali pake. Makocha wetu wengi wamechukua makelele wakaacha yale mengine. Mchezaji anatukanwa pembeni ya uwanja, mbele ya mchumba wake na wateja wake wa boda. Akifunga bao, kimya, "ndiyo kazi yake." Halafu yule wa benchi ndiyo kabisa, wiki nne hajagusa mpira na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Kumweleza ni dakika mbili. "Kaka, unachelewa kurudi ukipoteza mpira. Rekebisha hapo, nafasi ipo." Ataumia, ila atajua la kufanya. Asipoambiwa, atajiambia mwenyewe, na atakalojiambia ni kwamba kocha anapanga ndugu zake.

Kilio hiki hakiishii uwanjani. Mwenye gereji analalamika amemfundisha kijana miaka mitatu, leo kafungua yake ng'ambo ya barabara. Mwenye duka anabadilisha wauzaji kila mwezi. Ukiwauliza wote, jibu ni "vijana hawashukuru." Ukiwauliza vijana, jibu ni "bosi hakuwahi kuniuliza chochote."

KUMWACHIA VIZURI

Kumtunza mtu si kumng'ang'ania. Yanga yenyewe inaonekana ilijifunza. Mwaka 2024 Aziz Ki alikuwa mfungaji bora, mkataba unaisha, klabu za nje zinammezea mate. Safari hii klabu ilimwahi, akaongeza mkataba. Mwaka 2025 akaondoka kwenda Wydad Casablanca, kwa mlango wa mbele, kuelekea Kombe la Dunia la Klabu. Hakuna aliyekwenda Ikulu.

Timu ya mtaani ambayo kijana wake amepata nafasi Tabora au Mbeya haitakiwi kumfichia barua. Itakachopata kwa kumfungia ni mchezaji mmoja mwenye hasira na wadogo kumi waliojifunza kwamba ukionyesha kipaji hapa unafungiwa.

Tena kuna pesa halali ndani yake. Kanuni za FIFA zinaitambua klabu iliyomlea mchezaji. Kuna fidia ya mafunzo inayohesabu miaka ya mchezaji kuanzia 12 hadi 21, na mgawo wa mshikamano, asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa, unaokwenda kwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23. Lakini anayelipwa ni mwenye kumbukumbu. Timu isiyosajiliwa na isiyosajili wachezaji wake rasmi itabaki kusimulia kijiweni kwamba "huyu tulimtoa sisi."

KATAVI INABAKI NYUMA

Tazama ramani. Kaskazini kuna Kigoma yenye Mashujaa, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kuing'oa Mbeya City kwenye mchujo. Kuna Tabora yenye Nyuki wake. Kusini kuna Rukwa, ambako Prisons iliwahi kuhamishia mechi zake za nyumbani, Uwanja wa Nelson Mandela pale Sumbawanga. Katikati ipo Katavi, mkoa tangu 2012, ambao haujawahi kuwa na timu ya Ligi Kuu. Mpanda United iliwahi kuubeba mkoa hadi Ligi Daraja la Pili miaka ya 2010, lakini safari haikufika juu.

Wadau watataja ukata, umbali na viwanja, na hawatakosea. Lakini vipaji vya Nsemulwa vinavyopanda treni kwenda Tabora au basi kwenda Mbeya haviondoki vyote kwa sababu ya pesa. Wengine wanakwenda kucheza bure vilevile, ila kwenye timu ambayo kiongozi wake anapokea simu.

Kabla ligi ya wilaya haijaanza, kila kiongozi ana jioni za kutosha kukaa na wachezaji wake mmoja mmoja, dakika kumi kila mtu. Maswali yawe matatu: unataka kufika wapi, nini kinakuchosha hapa, na tulikuahidi nini ambacho hatukukitimiza? Majibu ya swali la tatu yaandikwe kwenye daftari na yaanze kulipwa, kuanzia lile la bei ndogo.